Hewa Iliyoshitakiwa Mutwanga

Inspekta Assani alifika Mutwanga siku ya Jumanne, saa tano ya asubuhi, akiwa na daftari moja, muhuri mmoja, na koti lililokuwa zima mpaka alipofika kwenye kizuizi cha askari. Kizuizi chenyewe kilikuwa mwanzi uliolazwa juu ya mapipa mawili, na katika ncha ya mwanzi huo palikuwa na msumari ambao hakuna aliyejua ulipigiliwa kwa kazi gani. Askari Muhindo aliuinua mwanzi kwa heshima, kisha akapiga saluti kwa mkono uleule ulioushika. Mwanzi ukashuka, na msumari ukapasua koti la Inspekta kutoka shingoni hadi begani.

"Pardon, Inspekta," akasema Muhindo. "Ile musumari inapendaka bakubwa. Hata koti ya Komanda ilipasuka wiki ile."

"Na bado hamujaung'oa?"

"Hatuna nyundo. Nyundo yote na majembe yote Komanda amekusanya. Ijumaa tunavunja nyumba ya Mama Kanyere."

Hayo yalikuwa mwaka wa 2001. Nchi ilikuwa imekatwa vipande kama muhogo sokoni. Beni ilikuwa na serikali yake, na kila kilima kilichoizunguka kilikuwa na komanda wake. Komanda wa Mutwanga, Stanislas kwa jina, alikuwa ameandika barua Beni kuomba mpelelezi, jambo ambalo hakulifanya hata mwaka ule walipoibwa ng'ombe kumi na wawili wa misheni. Assani aliisoma barua hiyo mara tatu juu ya pikipiki. Ilisema kwamba mjane Kanyere anaficha madini chini ya nyumba yake. Kwamba sayansi imekwisha kumfichua. Na kwamba kilichobaki ni PV tu, yaani maandiko rasmi ya upelelezi, yenye muhuri na saini.

Ofisi ya Komanda ilikuwa ghala la zamani la kahawa, nayo ilikuwa tupu. Nyuma yake, ubavuni mwa kilima, palikuwa na mlango wa chuma uliolazwa juu ya shimo, na juu ya mlango magunia ya udongo. Muhindo aligonga kwa kitako cha bunduki. Kikasikika kikohozi, mlango ukanyanyuka, na Komanda Stanislas akachomoza, macho mekundu, udongo nyweleni, mfano wa maiti aliyefufuliwa kabla ya siku yake.

"Karibu, Inspekta! Unaona handaki yangu? Ndege ya Kinshasa ikikuja, hapana itanipata. Miezi munane ninalala humu. Hata mbu hapana anaingia. Hata upepo!"

"Ndege ya mwisho ilipita lini, Komanda?"

"Haijapita hata moja." Komanda akatabasamu kwa fahari. "Unaona sasa? Handaki inafanya kazi."

Wakaketi ghalani. Assani alifungua daftari, akaandika tarehe, akauliza ni madini gani hayo. Komanda alitazama dirishani kwanza, kisha akashusha sauti.

"Uranium."

Akatoa karatasi iliyobanduliwa kwenye mlango wa dispensari. Ilikuwa na majina ya wenye nyumba kumi na moja, na mbele ya kila jina hesabu. Hesabu kumi zilikuwa kati ya thelathini na nane na tisini na moja. Ya nane, mbele ya jina la Kanyere, ilikuwa elfu mbili mia sita na kumi na nne.

"Kilima kimoja, majiwe moja, mabati moja," akasema Komanda. "Benzake bote bako na makumi, yeye pekee iko na maelfu. Nani tajiri hapo?"

"Na nani alikuambia hesabu hizi ni za utajiri?"

"Fundi mwenyewe, ule alipima hewa ya manyumba! Mbele ya batu bote alisema: hii hewa inazaliwa na uranium."

"Alisema nini kingine?"

"Alisema mengi. Lakini neno la maana lilikuwa lile."

"Basi ungechimba tangu wiki jana. PV ni ya nini?"

Komanda alimtazama kwa huruma, kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi mzito. "Inspekta, nikivunja bila PV, bakubwa ba Beni batasema niliiba, banachukua yote. Nikivunja na PV, banachukua nusu."

Fundi aliyetajwa, Siméon, alikuwa chini ya ulinzi kwenye baraza ya dispensari. Maana yake ni kwamba alikaa kando ya askari aliyelala. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, fundi wa maabara kutoka Butembo. Alipoona muhuri wa Inspekta alisimama kwa ghafula, hata miwani ikamwanguka.

"Eleza polepole," akasema Assani, "kama unamweleza mutu mwenye kusoma dini tu."

"Ndiyo, Inspekta. Kila jiwe la dunia iko na uranium kidogo sana. Ni kama chumvi ndani ya maharagi: iko, lakini nani atachimba sufuria kutafuta chumvi? Sasa ile kidogo inatoa hewa. Jina yake radoni. Haina harufu, haina rangi. Inje, upepo unaipeleka. Lakini ndani ya nyumba ya kufungwa, inapita kwa nyufa za chini, inajikusanya. Mutu akiivuta miaka mingi, inaweza kumuletea kansa ya mapafu. Pua hapana itakuambia. Ndiyo sababu tunapima."

"Na dawa?"

"Dawa ni rahisi: kuziba nyufa, kufungua madirisha. Hesabu ikiwa chini ya mia mbili hatuogopi sana. Ikifika maelfu..." Akaokota miwani yake. "Miye nilikuya kusaidia ule mama, Inspekta. Sasa banavunja nyumba yake kwa sababu yangu."

"Kipimo kilitakiwa kukaa wapi?"

"Mezani, chumba mutu analala. Miezi mitatu. Hapana kufunika, hapana kusogeza. Na siku ya kukusanya, Inspekta, nilikuta yote kumi na moja mezani! Juu ya kitambaa cha kusuka! Butembo hatupataka ile heshima."

"Ulifika ghafula?"

"Hapana. Nilitangazisha kanisani Jumapili, nikafika Jumanne."

Assani aliandika maneno hayo, akayapigia mstari chini. Kisha akafikiri, akapiga wa pili.

Utando wa ndani wa vile vipimo ulikuwa umepelekwa kusomwa mbali, lakini maganda yake, visanduku vyeusi vya plastiki vyenye ukubwa wa kikombe cha kahawa, Siméon alikuwa nayo mfukoni mwa begi, kila kimoja na namba yake. Inspekta alikichukua cha nane. Katika mfereji wa kifuniko palikuwa na udongo mwekundu ulioshindiliwa, si vumbi la kupeperuka. Akakinusa. Kilinuka mafuta ya mashine. Akavinusa na vingine kimoja kimoja, taratibu, huku askari aliyeamka akimtazama kwa wasiwasi.

"Fundi, radoni inanukia asali?"

"Haina harufu kabisa."

"Basi kuna kingine kinachonukia."

Nyumba ya Kanyere ilikuwa ya udongo na mabati, sakafu ya udongo uliopigwa ukang'aa, kitanda kimoja, meza moja, na dirisha lililo wazi. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, rozari shingoni, na juu ya rozari utepe wa kupimia nguo. Alimkaribisha mgeni kwa Kinande, "Wabukire, tata," yaani salamu, baba, akampa kiti, naye akabaki amesimama.

"Mama, weye ni fundi wa kushona?"

"Nilikuwa fundi. Mashini ilikwenda na askari ba kwanza. Leo ni sindano tu, na macho yenyewe yanakufa."

"Na kisanduku cha fundi Siméon kilikaa wapi?"

"Pale." Akaonyesha meza.

"Miezi yote mitatu?"

"Hata siku moja hapana nilisogeza. Tata wa sayansi alisema hapana kugusa, hapana niligusa."

"Hata kufuta vumbi?"

"Hata vumbi."

Alijibu upesi, kama mtoto aliyehifadhi sura asiyoijua maana. Kisha sauti ikamkatika. "Tata Inspekta, hii nyumba marehemu aliipandisha na mikono yake. Bakiivunja, nitakwenda wapi? Nilale kwa barabara na utepe shingoni?" Macho yake yakahamia begani mwa Assani, na uso ukabadilika kana kwamba ameona mtu anavuja damu. "Ee Mungu! Nani alikupasua hivi? Leta ile koti. Mutu wa serikali akitembea bega wazi, batasema Mutwanga haina fundi."

Assani alivua koti, akampa.

Siméon alikuwa na mashine moja tu ya betri, yenye ukubwa wa tofali, isomayo hewa kwa siku moja. Waliiweka mezani pa mjane, dirisha likiwa wazi kama alivyozoea, na Komanda akasimamisha askari mlangoni asiingie mtu na kitu mkononi.

Muhindo naye hakukosa fikira. "Inspekta, miye ningeanza na jirani yake, Mama Jokébed. Wanagombania mupaka wa ndizi, mwaka wa tisa huu. Pengine alitia kajiwe ndani ya kisanduku, amuletee mwenzake mambo."

Lilikuwa wazo la kuheshimiwa, kwa maana uadui wa mpaka umewapeleka watu wengi gerezani kuliko madini. Assani alimkuta Jokébed akipepeta maharagwe.

"Mama, weye na Kanyere munasikilizana?"

"Kabisa hapana!" Alijibu kwa fahari.

"Uliingia kwake miezi hii?"

"Miye? Tangu mwaka wa tisini na mbili sijapita mulango wake. Hata akikufa, nitasimama kwa barabara, nilie pale pale."

"Na kisanduku chako kilikaa wapi?"

"Mezani."

"Mama."

"Mezani, nakuambia! Juu ya kitambaa!"

Inspekta alikitoa mfukoni kisanduku cha tisa, akakiweka juu ya ungo wa maharagwe. "Kinanukia asali."

Jokébed alikitazama kisanduku, akatazama mizinga mitatu iliyoning'inia nyuma ya jiko lake, akaacha kupepeta.

"Ndani ya muzinga," akasema. Kisha akapanda sauti, kana kwamba mwenye kosa ni yule aliyeuliza. "Sasa, tata, weye sema! Mutu amekuachia kitu yake, amekuambia nitarudi kuichukua. Na askari banapita kila wiki. Utaiweka mezani? Mezani! Hata mwenye wazimu hapana anaweka kitu ya batu mezani. Nyuki banachunga kuliko mbwa."

Assani alifunga daftari, akalifungua tena kwenye ukurasa mpya. Kabla ya jua kuchwa alikuwa amepata maungamo kumi. Kipimo kimoja kilikaa ndani ya pipa la mahindi. Kimoja ndani ya ngoma ya kanisa, na kila Jumapili kilipigwa. Kimoja ndani ya kiatu cha mvua cha mguu wa kushoto. Na mzee mmoja alikivaa shingoni, chini ya shati, siku tisini, akaoga nacho. Vita vya miaka mitano vilikuwa vimewafundisha watu wa Mutwanga kanuni mbili: kitu cha thamani hakikai mezani, na kitu cha mwenzio hufichwa ndani zaidi kuliko chako. Siku ile ya tangazo la kanisani, kila mmoja alikitoa alikokificha, akakifuta, akakitandikia kitambaa.

"Hivi hizi hesabu zote," akasema Siméon kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "ni hesabu za muzinga na za ngoma."

"Na za kiatu," akasema Assani. "Lakini kumi wameungama, mmoja ameapa. Katika kijiji ambacho kila mutu alificha, yule pekee asiyeficha ama ni walii, ama ana kitu kingine mule mule mafichoni."

Magharibi ile mvua ya Rwenzori ilinyesha juu ya mabati kwa saa nzima, hata Inspekta, aliyekuwa akiswali katika baraza ya dispensari, hakuisikia sauti yake mwenyewe.

Asubuhi ya Jumatano Kanyere alimletea koti lake, limekunjwa. Assani alilipeleka penye mwanga. Mshono ulikuwa umenyooka toka shingoni hadi begani. Kila pigo sawa na mwenzake, bega kwa bega kama safu ya waswali, bila pengo la kupita shetani. Akaligeuza ndani. Upande wa ndani ulikuwa vilevile, uzi wa chini umekumbatiana na uzi wa juu. Mkono wa binadamu una fadhila nyingi, ila hauna uzi wa chini.

Alimfuata nyumbani kwake. Askari wa mlangoni alikuwa akila ndizi. Siméon alisoma mashine: sabini na mbili. Kisha, kwa ishara ya Inspekta, fundi alitoka kumweleza askari habari za Butembo kwa sauti kubwa.

"Mama," akasema Assani polepole, "mukono wako ni mzuri kupita mukono."

Kanyere alilitazama koti, akafahamu. Alikaa kitandani.

"Nilianza na sindano," akanong'ona. "Nikaona iko mubaya, tata. Bega ya mutu mukubwa, mushono unapinda kama njia ya mbuzi! Nilipata haya. Mvua ilipoanza, nikasema, nani atasikia?"

"Mashini iko chini ya hiki kitanda?"

Alirudisha miguu nyuma, kana kwamba anafunika kitu.

"Na kisanduku kilikaa nayo mule?"

"Ndani ya sanduku ya bati, sanduku ndani ya shimo, ubavuni ya mashini. Kilikuwa kitu ya mutu, tata. Yangu bakiiba, ni hasara yangu. Ya mutu bakiiba, ni zambi yangu."

Assani alikuwa amefundishwa tangu utoto, kwa fimbo na kwa beti, kwamba amana zirudishwe kwa wenyewe. Lakini hakupata kuelezwa kwa maneno machache hivi, tena na mtu mwenye rozari.

"Sasa unaona," akaendelea Kanyere. "Nikinyamaza, banachimba juu ya uranium. Nikisema kweli, banachimba juu ya mashini. Jembe ni lile lile. Na bila ile mashini, nyumba yenyewe nitaikalia na nini tumboni?"

Inspekta alivaa koti lake kwanza. "Hewa ya chini ya udongo haina upepo, ndiyo sababu hesabu ilipanda. Hewa unayolalia ni nzuri: sabini na mbili. Leo, askari akienda kunywa maji, lile sanduku la bati lipande juu, likae kando ya kitanda, lionekane. Chenye kubaki chini kibaki chini. Na ukiulizwa, jibu unachoulizwa. Usiongeze chumvi katika maharagwe ya watu."

Komanda alipoonyeshwa sabini na mbili, alicheka mpaka akakohoa.

"Hii mashine imekula kitu!"

"Mashine haili, Komanda."

"Kongo hii? Kila kitu inakula."

"Basi tuijaribu upya," akasema Assani. "Tuiweke pahali ambapo hakuna mutu wa kuipa chochote. Chagua weye mwenyewe."

Komanda alikunja uso, akafikiri kwa bidii. Kisha akang'aa.

"Handaki yangu! Ufunguo niko nao miye pekee."

Inspekta aliinamia daftari lake na kuandika kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyohitajika, ili uso wake usionekane.

Alhamisi, saa tano, Komanda Stanislas alipanda kutoka shimoni ameishika mashine kwa mikono miwili, ameinyoosha mbali na kifua kama mtu abebaye mtoto wa mwenzake aliyejikojolea. Siméon aliitazama, akafuta miwani, akaitazama tena.

"Elfu tisa mia tatu na makumi munane," akasema. "Komanda, kwa ajili ya mapafu yako, hapana kurudia kulala humu."

"Miezi munane..." akasema Komanda.

"Upepo hapana unaingia."

"Hata mbu," akasema Komanda kwa sauti ndogo, akakaa juu ya gunia la udongo.

Uso wa Komanda ulikuwa na mapigano ya wazi, kwa maana jicho moja lilikuwa linajililia na jingine limeanza kuhesabu. Jicho la pili lilishinda.

"Elfu tisa! Inapita ya Kanyere mara tatu! Basi miye nimelala juu ya..." Akajiziba kinywa. Baadaye akauliza, "Na ile elfu mbili yake ilitoka wapi, kama nyumba iko na sabini?"

Assani alijibu bila kuinua kichwa.

"Alikifungia kisanduku ndani ya sanduku la bati, lisilopata upepo. Sanduku lenyewe liko kando ya kitanda chake."

"Nimeliona, Komanda," akasema Muhindo. "Juu yake kuna vitambaa vya kanisa."

"Sababu gani alikifunga?"

"Aliogopa kisiibiwe."

"Kisiibiwe na nani?"

Muhindo alitazama kucha zake. Siméon alitazama milima. Hata Komanda mwenyewe, baada ya kitambo, alitazama milima.

"Sasa, Komanda," akasema Assani, akichovya muhuri katika wino, "mimi ni mutu wa sheria, si mutu wa mawe. Fundi anasema hesabu ni ugonjwa. Weye unasema hesabu ni madini. Nitaandika neno lako, kwa maana weye ndiye mushitaki. Lakini nikiandika kwamba hesabu kubwa ni madini, itabidi niandike hesabu zote. Kwa mama, sabini na mbili. Kwa handaki ya Komanda, elfu tisa. Na PV inasomwa Beni."

"Inasomwa na nani?"

"Na bakubwa bote."

Komanda alisimama. Alimshika Inspekta mkono, bega la koti lililoshonwa karibu lipasuke tena.

"Andika hivi: kwa Mama Kanyere hakuna kitu. Mushitaki alikosea. Nyumba ibaki. Na habari ya handaki... handaki hapana andika."

"Nimeitwa kupeleleza nyumba ya mjane," akasema Assani. "Handaki sikuitiwa. Tia saini hapa. Na hapa."

Komanda alitia saini mara tatu, mara moja zaidi ya alivyoombwa, kisha akawaita askari wote na majembe yote. Mpaka jioni walikuwa wamechimba sakafu ya handaki kufikia kimo cha mtu, na huko chini wakakuta kile ambacho kilima cha mvua nyingi huweka chini yake. Asubuhi ya Ijumaa maji yalikuwa yamefika ngazi ya nne. Wanawake watatu walikwisha kufika na ndoo, na Komanda, ambaye usiku ule alilala ghalani madirisha yote yakiwa wazi, alikuwa akiwafokea kwa sauti safi isiyo na kikohozi.

Siméon naye aligawa vipimo vipya kumi na moja. Aliwauliza watu watakavyoviweka, nao wakajibu kwa kauli moja: "Mezani!" Akamtazama Inspekta kwa macho ya mtu anayezama.

"Usiwaombe wasifiche," akasema Assani. "Waombe wakifanye kisitamaniwe."

Basi Jokébed alikipaka chake masizi ya chungu kwa nje, akakifunga kwa kamba ya mgomba, akakitundika juu ya kitanda, kikafanana na takataka iliyosahauliwa. Alikitazama kwa kuridhika. Kabla ya adhuhuri nyumba zote kumi na moja zilikuwa na takataka ya namna hiyo.

Kanyere alimsindikiza Inspekta hadi barabarani. Askari wa mlangoni alikuwa bado anazubaa karibu.

"Shimo ukilifungua, mama," akasema Assani kwa sauti ya chini, "fungua dirisha kwanza. Na mdomo wake uukandike udongo vizuri, usiwe na ufa."

"Shimo gani, tata?" akauliza Kanyere kwa sauti ya kusikika na askari.

"Vema," akasema Inspekta. "Hivyo hivyo."

Alikuwa anataka kuiwahi swala ya Ijumaa Beni, na mwenye pikipiki alikwisha kuiwasha. Kwenye kizuizi, Muhindo aliuinua mwanzi kwa mikono yote miwili, bila saluti. Msumari ulikuwa palepale. Akaona bega la koti, akasogea, akapitisha kidole juu ya mshono, kutoka shingoni hadi mwisho.

"Huyu ni Mama Kanyere alishona?"

"Ndiye."

"Ile mikono yake, Inspekta! Inashona sawasawa na mashini."

Injini ilikuwa ikinguruma.

"Kesho nitamupelekea suruali yangu," akasema Muhindo. "Musumari uliipasua mbele ya batu."

Assani alimgusa dereva begani, asiondoke kwanza.

"Mupelekee siku ya mvua," akasema. "Siku ya mvua ndiyo mikono yake inakuwa mizuri zaidi."